Jicho Lilifungika Jumanne

Simiyu,

Ile picha uliyoniambia nifute, sikuifuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo lenyewe, na wewe ulizoea kulalamika kwamba taarifa zangu huchelewa kufika penye habari. Picha ninayo. Tena nimewaonyesha watu wawili: kwanza binti yako, kisha mjomba wako. Nitakueleza ilivyokuwa, halafu utaamua kama bado mimi ni rafiki yako.

Ni mwaka na miezi mitatu sasa tangu uondoke. Kofia yako ya pikipiki ingali nyuma ya mlango wa ofisi hapa Kitale. Pikipiki yenyewe iko kwa shemeji yako Chwele, inabeba viazi na kuku. Nimepishana nayo mara mbili, na mara zote mbili niligeuka nikidhani ni wewe. Kikombe chako cha chai hakuna aliyekigusa, kwa hiyo nimekichukua mimi. Ndani yake naweka mswaki wangu. Najua utacheka. Subiri.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne, mimi na daftari, wewe na kamera, kutoka kwetu Kwanza hadi kwenu Myanga. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kuona picha yako ukiwa umefungua mdomo. Uliwaambia watu, "Cheka kidogo, mama, hujaibiwa," nao wakacheka. Wewe ukicheka uliweka kiganja mdomoni. Nilidhani ni adabu za kwenu. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba ulikuwa unaficha jino moja, chonge la juu upande wa kushoto, lililooza mpaka likawa na rangi ya chai.

Chai yako ilikuwa na vijiko vinne vya sukari. Miwa ulitafuna kila tulipopita Chwele. Mswaki ulipiga asubuhi tu, haraka haraka, kabla ya hiyo chai. Ulisema ni wa kutoa usingizi mdomoni. Jino lilipouma uliweka karafuu. Karafuu iliposhindwa ulinunua vidonge dukani, na vidonge viliposhindwa ulihamia kutafuna upande wa kulia. Nilikuwa mezani nawe siku nyingi nikiyaona hayo. Sikuyaona kama habari.

Unakumbuka siku ile ya meno, sokoni Chwele. Daktari Zainabu, yule ambaye kliniki yake iko nyuma ya msikiti Bungoma, alisimamisha hema karibu na wauza kuku. Aliwafundisha watu kupiga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, bila kukandamiza, kwa dawa yenye floraidi, na kupitisha uzi katikati ya meno ambako mswaki haufiki. Akasema waje waangaliwe kila baada ya miezi sita hata kama hakuna kinachouma. Mama mmoja muuza kuku akamuuliza aje kufanya nini sasa, kama jino haliumi. Daktari akamjibu, "Wewe kuku wako unawaangalia wakishakufa?" Soko zima lilicheka, na wewe ukapata picha yako nzuri ya siku hiyo.

Kicheko kilipotulia, mama yule yule aliuliza lile ambalo wengi walitaka kuuliza: si jino la juu likitolewa linaondoka na jicho? Jibu la daktari nililiandika neno kwa neno. "Hakuna. Kinachodhuru jicho ni usaha unaoachwa pale juu, si koleo la daktari." Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ulikuwa unabadilisha lenzi.

Baadaye, kwenye hoteli ya chai, ulinionyesha lile jino kwa mara ya kwanza. Nikakwambia hema bado liko pale. Ukasema, "Hapana. Hii ya juu ikitolewa, jicho inaenda nayo. Na kazi yangu si ni jicho, bana."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua daftari na kukusomea. Badala yake nilifanya utani. Nilisema haidhuru, wapiga picha hufumba jicho moja hata hivyo. Ulicheka sana, kiganja mdomoni. Mhariri alipopiga simu kwamba taarifa imezidi kwa aya moja, nilikata mimi mwenyewe. Nilikata aya ya jicho. Ya kuku niliibakiza kwa sababu ilichekesha.

Mwaka uliofuata, shavu lilivimba Jumapili. Jumatatu ulikuja kazini umevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Jumanne asubuhi jicho la kushoto lilikuwa limefungika kabisa, na ulikuwa unatetemeka kama mtu mwenye malaria. Uliketi karibu na dirisha ukanipa kamera yako. Hukuwahi kunipa kamera hiyo hata kuishika. "Nipige," ukasema. "Nataka kuona imefika wapi." Ukafungua mdomo. Nikapiga. Uliitazama picha nyuma ya kamera kwa muda mrefu, kwa jicho moja, kisha ukasema, "Hii usionyeshe mtu. Futa." Nikasema sawa.

Tulienda hospitali saa hiyo hiyo. Njiani uliniuliza kama jicho litafunguka. Nikasema litafunguka. Hiyo ni taarifa niliyoitoa bila chanzo.

Alhamisi walilitoa jino na kutoa usaha. Jumamosi ulikufa. Daktari wa zamu alinieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza. Usaha wa jino la juu ulipita kwenye mishipa ya damu ya uso, ukafika nyuma ya jicho, kisha ukaingia kichwani. Jicho lilikuwa limeonyesha hilo tangu Jumanne. Kama jino lingetolewa miezi kadhaa mapema, alisema, ungerudi nyumbani mchana huo huo na pamba mdomoni. Nilimwomba arudie ili niandike. Akarudia.

Sasa nije kwenye mazishi, kwa maana huko ndiko nilikokukosea mara ya pili. Kwenu, kabla ya mtu kuzikwa, mmoja wa ukoo husimama na kueleza ugonjwa tangu ulipoanza, ili asibaki mtu na swali. Mjomba wako, Mzee Wekesa, ndiye aliyesimama kando ya jeneza. Alieleza vizuri, bila kupamba. Mwisho akasema, "Kijana alienda hospitali akitembea. Wakatoa jino ya juu, jicho ikaenda, na yeye akaifuata." Watu wote uwanjani wakaguna kukubali.

Nilikuwa safu ya tatu. Daftari lilikuwa mfukoni, na ndani yake siku zote zilikuwa zimeandikwa kwa mpangilio wake. Lakini hakuna anayemkatiza mtu anapoeleza ugonjwa, sembuse mgeni, Mkikuyu wa Kwanza aliyekuja na gari la ofisi. Nimewahi kuwasahihisha wabunge mbele ya vipaza sauti vyao. Mjomba wako nilimwacha akamaliza, akaketi.

Hivyo ndivyo kifo chako kilivyokuwa ushahidi. Myanga nzima ilijua sasa, na jina la kutaja walikuwa nalo: si mnamkumbuka Simiyu wa kamera? Mkeo, Mama Naliaka, aliniambia, bila hasira, kwamba jirani yenu alikuwa ameshafika kwenye foleni ya kliniki, akakumbuka jicho lako, akarudi nyumbani na jino lake.

Binti yako Naliaka amechukua kamera yako. Mwaka huu anafanya kazi nami, na kusema kweli anangoja mwanga kwa subira kuliko wewe. Miezi michache iliyopita tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma, nikaona anatafuna upande mmoja. Wiki iliyofuata alicheka akaweka kiganja mdomoni. Simiyu, mimi si mtu wa kushtuka, unanijua. Nilishtuka.

Nilimwambia aende kwa daktari. Nilimweleza habari ya usaha, nikamsomea na maneno ya Daktari Zainabu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Anko, baba aliingia hospitali na jino, akatoka kwa jeneza. Mimi niende kutafuta nini?" Alichonacho yeye alikisikia kando ya jeneza la baba yake, kwa mdomo wa babu yake Wekesa. Nilichonacho mimi kilitoka kwenye daftari.

Ijumaa moja alifika akiwa ameinamisha uso. Shavu lilikuwa limevimba, juu, upande wa kushoto. Upande wako.

Sikufikiria sana, na sitadai kwamba nilifikiria. Nilifungua droo, nikatoa kadi ya kamera ambayo nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi tangu ile Jumanne, nikaiweka ndani ya kamera yako, nikampa. Nilimwambia baba yake alikataza isionekane, na kwamba ninavunja ahadi. Akaiwasha. Tarehe na saa zilikuwa pale chini, kama kawaida. Aliikuza picha, akashuka polepole kutoka kwenye jicho hadi mdomoni.

"Jino iko," akasema.

"Liko."

"Na jicho imeshafunga."

Akahesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Akarudia kuhesabu. Halafu akalia, na nilidhani ni kwa sababu ya yale aliyokuwa ameyaamini. Haikuwa hivyo. Alisema, "Sijawahi kuona meno ya baba."

Alipomaliza alijifuta uso, akavaa koti. "Twende sasa hivi, kabla sijaanza kuogopa tena."

Tulienda Bungoma, kwa Daktari Zainabu. Daktari hakulitoa jino hata kidogo. Alitoa usaha, akasafisha mzizi ndani, akamwita tena mara mbili, kisha akaliziba. Alimwambia kwamba angekuja mwaka uliopita ingekuwa kazi ya nusu saa. Kabla ya kuanza alimfanya Naliaka afunike jicho la kulia na kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwamba wagonjwa wazime simu. Alipomaliza alimfanya asome tena. Alisoma kila neno, na mara ya pili akasoma hata jina la duka la uchapishaji lililoandikwa chini kwa herufi za sisimizi.

Kisha daktari akanitazama mimi. "Na wewe mwandishi, unangoja kuku wafe?"

Nikakaa. Nina miaka hamsini na mbili na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenye kiti kile, mimi niliyewaandikia watu waende. Nilikuwa na matundu mawili madogo na ukoga wa miaka mingi. Moja la matundu hayo lilikuwa juu. Kiti kilipolala, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye jicho, na daktari akauondoa. Kwa hiyo wewe usione haya. Baadaye alinifundisha kushika mswaki. Anasema nilikuwa nasugua meno kama sufuria ya ugali. Sasa napiga polepole nyumbani, na siku za safari napigia ofisini. Ndiyo habari ya kikombe.

Ni Naliaka aliyesema picha iende Myanga. Tuliichapisha, tukamkuta mjomba wako anapukuchua mahindi. Alivaa miwani, akaishika kwa mikono miwili. Aliniuliza ilipigwa siku gani. Jumanne, mzee, nikasema. Na jino lilitolewa lini? Alhamisi. Alikuwa bado anaitazama picha Mama Naliaka alipoleta chai.

"Basi nilidanganya watu mbele ya maiti," akasema.

Nikamwambia hakudanganya, alieleza alivyoelezwa. Mimi ndiye niliyejua nikanyamaza.

"Hiyo ni mbaya kuliko yangu," akasema, na akanisogezea sukari. Hakukosea. Sukari niliiacha.

Picha hakuirudisha. Aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, ule anaowekea kitambulisho. Siku za soko anaitoa Myanga mbele ya yeyote anayemtaja Simiyu wa kamera, anaweka kidole kwenye jicho, halafu anakishusha kwenye jino. Jirani yenu alirudi kwenye foleni. Wengine wanasema picha zinatengenezwa siku hizi, na mzee anawaambia waende wakamuulize mwandishi. Wawili wameshanipigia simu.

Kwa hiyo wewe uliyeficha mdomo maisha yako yote, sasa unatembea Myanga umeufungua. Najua hukutaka hivyo. Ukiniuliza kama nitafanya tena, nitafanya, na mapema zaidi. Kukuomba msamaha kwa picha siwezi. Nakuomba kwa ile aya.

Nimeiandika upya. Taarifa imekwenda kwa mhariri jana, na safari hii hiyo ndiyo aya ya kwanza. Wakitaka kukata, wakate kuku. Kila miezi sita mimi na Naliaka tutakaa kwenye kile kiti, aumwe asiumwe, niumwe nisiumwe. Yeye atasoma karatasi ya mlangoni, nami nitaacha mikono yangu chini.

Pumzika, ndugu yangu. Kofia yako naipangusa vumbi. Na yeyote atakayeniuliza ulivyokufa, awe sokoni au kwenye kilio, awe mkubwa wangu au mdogo, nitasimama nimweleze kama ilivyokuwa: jicho lilifungika Jumanne, jino lilitolewa Alhamisi.

Njoroge