Kiti cha Pembeni

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima na baridi ya huko haijakutafuna. Mimi sijambo. Ule mchezo wako wa magari wa kompyuta nimeuwasha, usukani nimeubana mezani, pedali ziko sakafuni. Usinicheke. Tangu gari la mafunzo liserereke nikiliendesha kwenye mvua, sijaendesha tena. Hakuumia mtu, ila moyo wangu ulivunjika. Pale shule ya udereva nimebaki kufundisha alama za barabarani kwa chaki, na nikipewa funguo za gari nazirudisha. Nikasema nijifunze kuserereka kwa makusudi, mahali pasipo na wa kuumia. Mpaka sasa nagonga ukuta kila kona. Picha niliyoiweka humu kanipiga jirani.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu zinanibana. Nimecheka, nisamehe bure. Mbona kwenye picha kiti umekiweka pembeni ya meza? Umekaa kimwalimu, unaunyooshea usukani mkono mmoja kana kwamba kuna mwanafunzi. Hayupo, Mama. Dereva ni wewe, sogea mbele ya skrini. Mkia wa gari ukianza kuhama, breki achana nayo. Zungusha usukani kule mkia unakokwenda, macho yawe kule unakotaka kufika, mafuta ukanyage taratibu.

Kitindamimba wako

6 Aprili

Mwanangu,

Uhali gani? Mimi salama, mgongo tu unalalamika. Kumbe kweli. Miaka yote nimekaa upande wa mwalimu, kwenye breki ya akiba, nikiwaokoa watoto wa watu. Nilipohamia mbele, gari lilizunguka kama pia. Jana limepita kona nzima ubavu ubavu, moshi umetanda, na mimi ndiye niliyetaka. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio. Gari la kweli bado naliogopa, sikufichi.

Mama

19 Mei

Mama,

Shikamoo. Likizo nimepata. Natua tarehe 14 Juni mchana. Nitachukua teksi, usijisumbue.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Nimefurahi hadi nimekosa usingizi. Leo imenyesha, nikamwomba mwalimu mwenzangu tutoke na gari. Niliendesha mimi, polepole. Kwenye mteremko wa soko mkia ulihama kidogo, na kabla sijaogopa mikono ilikuwa imeshaurudisha. Mwenzangu hata hakukatiza hadithi yake. Nilipoegesha nililia, kisha nikamwomba turudie.

Teksi usichukue. Nakuja kukupokea, naendesha mwenyewe.

Mama yako