Syombua Anakataa Upande wa Kushoto

Jumapili, 4 Mei 2025
Nisamehe, daftari. Nimekuacha chini ya godoro tangu Syombua azaliwe, na sasa mtoto anakaa mwenyewe. Ni uchovu tu, si dharau. Leo naandika kwa sababu kuna kitu sina wa kumwambia.

Mtoto amekataa ziwa la kushoto. La kulia ananyonya mpaka anakoroma. Nikimgeuza — mdomo anafunga. Halii. Analitazama tu lile ziwa, vile mtu hutazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Mama mkwe amecheka. Ati, "Mzazi mwenzangu ameanza maringo!" Humwita hivyo kwa sababu mtoto ana jina la marehemu mama yangu. Hata mimi humwita Mama. Boma lote linamwamkia kama mtu mzima.

Jumatano, 7 Mei
Mama mkwe amenikanda na kitambaa cha moto, halafu akanichana ziwa na chanuo la mbao, kutoka juu kushuka chini. Maziwa yameganda, anasema. Uvimbe haukusonga. Mgumu kama kokwa, na hauumi! Ngozi juu yake ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Nikamwambia basi, mwaitu, mama yangu, inatosha.

Nimempigia mume wangu Kiilu huko Kibwezi, shambani kwa matikiti. Anasema hata mbuzi hushikwa hivyo, itaachilia. Mbuzi! Nikakata simu.

Ijumaa, 9 Mei
Nilikuwa nafua. Nikasikia mama mkwe nyuma ya nyumba akiongea na mtu kwa sauti ya chini, ya heshima. Nikachungulia. Hakuna mtu. Ni yeye na mtoto kwa mkeka.

"Syombua, kama jina hulitaki, sema. Kama tulikukosea, sema."

Na mtoto — mkono akaupeleka kifuani kwake, polepole. Kushoto. Maji ya sabuni yakanipoa mikononi.

Sasa mama mkwe ameamua. Ati mama yangu ana kinyongo na hilo ziwa, ndiyo maana mtoto analikataa. Tutamvua mtoto shanga za jina shingoni, tumpe jina lingine Kiilu akija mwisho wa mwezi. Mpaka hapo mtoto asitolewe nje ya boma. Na mimi bila mtoto nitaenda wapi, na ananyonya?

Nikampigia dada yangu Syokau, anayekaa mjini Sultan Hamud kwa nyumba ya marehemu Mama. Nikamuuliza Mama alikufa na nini. Kifua, akasema. Syokau, kifua gani? Nikamsikia akifunga mlango. "Ni ziwa. Kifua ni vile tuliambia watu." Nikauliza, la upande gani? Nilishajua kabla hajajibu. Mama alikuwa na blauzi ya bluu yenye kitu kimeshonewa ndani, upande wa kushoto. Nikiwa mdogo nilidhani ndiko huficha pesa. Syokau anasema ni pamba, yeye ndiye alimshonea baada ya ziwa kukatwa. Mama alienda kutiwa dawa ya kemo mara moja tu, akakataa kurudi.

Jumatatu, 12 Mei
Nimeenda hospitali, mtoto mgongoni. Mama mkwe alisimama kwa njia. "Ukipita hapa, likimpata mtoto lolote ni juu yako." Nikamwambia, "Mwaitu, ya jina tutaongea nikirudi. Ya ziwa haingoji." Nikapita. Sikumgusa hata bega.

Kitui, daktari ni dada mmoja anaitwa Nasima, wa ushungi. Akapapasa ziwa, akapapasa kwapani. Akauliza nani aliona kwanza. Nikasema mtoto. Hakucheka. Ati watoto hukataa ziwa kwa sababu nyingi, mara nyingi si kitu. Lakini kuna uvimbe ambao hubadilisha ladha ya maziwa, na mtoto hujua kabla ya mama. Mama ananyonyesha au hanyonyeshi, uvimbe usioisha upimwe. "Si marehemu anayekataa," akasema. "Ni ulimi wa mtoto."

Akauliza, kukataa kulianza lini? Na Syombua akageuza kichwa, kama ameulizwa yeye.

Skani. Halafu sindano nene, wakatoa vipande vya nyama vya kupimwa.

Jumanne, 27 Mei
Ni saratani.

Nasima alinieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliona mdomo tu ukicheza. Haijasambaa mbali. Kemo kwanza, uvimbe upungue. Halafu ziwa likatwe. Inatibika, lakini nisirudi nyumbani kufikiria. Mtoto aache kunyonya, dawa huingia kwa maziwa. Na Syokau naye apimwe.

Nikampigia Kiilu, nikamweleza. Akauliza, "Na jina?"
Jina halibadilishwi, nikamwambia.

Jumatano, 28 Mei
Wodini. Kemo ni kesho. Asubuhi nimemnyonyesha mara ya mwisho. Alimaliza la kulia. Halafu yeye mwenyewe akajivuta mpaka la kushoto. Hakuweka mdomo. Aliweka sikio. Akatulia kabisa, kama anaambiwa kitu. Nikamuuliza, "Mama, linasema nini?" Nesi akaingia na kipimo cha presha.

Mama mkwe amekuja. Hajaingia, yuko na mtoto kwa benchi la nje. Namsikia akimwita: "Mtoto! We mtoto!" Hasemi jina. Na mtoto hageuki. Nimetoka, nikaita Syombua mbele ya watu wote, na akageuka. Shanga bado ziko shingoni. Nimeziangalia moja moja.

Syokau anakuja kesho, ndiye atalala na mtoto. Nimemtajia vitu kwa simu, naandika hapa nisisahau kimoja: maziwa ya kopo na chupa mbili. Nepi. Kadi ya kliniki ya mtoto. Leso nzito ya kufunga la kulia, bado linamwaga maziwa. Sweta yangu. Na ile blauzi ya bluu ya Mama, iko chini kabisa ya sanduku lake. Asiifue. Asifumue upande wa kushoto.