Sura Zako Kumi na Tisa Mombasa

Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa,

Ni mimi, jirani yako wa sokoni Rangwe, yule wa nyanya. Nimeiona bahari. Ina chumvi.

Najua utabisha. Miaka yote tuliyokaa pamoja, wewe na dagaa zako za omena, mimi na nyanya zangu, kila nikilitaja jambo hilo unauliza, "Nani alitia? Hata angemwaga gunia kila siku tangu Adamu, maji yote hayo yangekolea?" Ziwa letu la Homa Bay ulilijua, la kufulia na kuogea, na hukuona sababu ya maji mengine kujifanya tofauti. Tukawekeana dau: tukifika Mombasa tutaonja pamoja, na atakayeshindwa atambebea mwenzake karai sokoni wiki nzima, mbele ya watu.

Safari ilikuwa iwe Agosti mwaka jana. Begi lako lilikuwa tayari mlangoni. Ni mimi, katibu wa kikundi, niliyesimama mkutanoni nikasema, kina mama, tungoje kwanza mahindi yakauke tuvune. Mahindi yakakauka. Presha yako haikungoja.

Kwa hivyo tukaenda bila wewe. Au ndivyo nilivyodhani.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mwongoza watalii wa kule, anaitwa Bakari, alipiga simu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vingi, tuvae nguo za aina moja asije akatupoteza. Sare ya kikundi unaijua: nusu hawakushona, na walioshona wamenenepa. Tukafikiri weee. Nguo pekee ambayo sote kumi na tisa tunayo, na inatutosha, ni tisheti ya mazishi yako, yenye sura yako kifuani.

Min Achieng, mweka hazina wetu, akasema ni mkosi kumtembeza marehemu kifuani.

"Mkosi gani?" akajibiwa. "Si alitaka kwenda?"

Basi ukaenda. Na ile picha yako ya kitambulisho, unamwangalia mpiga picha kama amekuuzia samaki wa jana. Tulikupeleka Fort Jesus. Tulikupitisha chini ya zile pembe kubwa za barabarani. Si za ndovu, ni bati, nimegonga mwenyewe. Bandarini tulikuonyesha kreni kwa mbali, zinavyoshusha makontena taratibu na kwa uchoyo, kama wewe ukipima omena kwa kopo la gorogoro.

Mji wa Kale, mama mmoja muuza mabuyu akatusimamisha. "Huyu awania kiti gani?"

Min Achieng, yule yule wa mkosi, hakupepesa macho. "Ugavana."

"Ana uso mkali. Mie kura yangu nampa!"

Tulicheka mpaka tukashika ukuta wa nyumba ya watu.

Bakari ndiye aliyenipata. Kila tuliposimama alituhesabu kwa kuhesabu sura zako. Tulipofika ufuoni, akazitimiza kumi na tisa, akanigeukia kwa upole tu: "Mwenyekiti wenu huyu wa kwenye tisheti, mbona mwamwacha nyumbani siku ya raha?"

Nilivua viatu nikaingia majini hadi magotini, nikachota kwa kiganja nikaonja. Ni kama supu ya mke aliyenuna tangu asubuhi. Nikachota tena. Hiyo ya pili ilikuwa yako, na niliimeza yote.

Lakini neno langu tu usingelikubali, kwa hivyo nilibeba ushahidi. Jerikeni ya lita tano, kutoka baharini hadi Rangwe, mapajani kama mtoto. Nikakumwagia kaburini upande wa kichwa, polepole, upate kuonja.

Sasa ni wiki ya tatu na nyasi za hapo zimeungua, duara kama sufuria. Bwana yako anasema ni mbuzi wangu anayekuja kukukojolea, na ameapa kumfunga. Mbuzi hana hatia. Jumapili nitakuja nimwambie bwana yako ukweli, na nyasi nyingine nitapanda mwenyewe.

Kuhusu karai. Kwa chumvi nimeshinda. Ila nimekaa nikapima, na lile la mahindi, la kukungojesha, ni zito kuliko bahari. Hapo ulinishinda, na hukuwepo kunicheka.

Binti yako Akinyi amekaa mahali pako sokoni. Anapima kwa ukarimu mno, sijui ameutoa kwa nani. Kuanzia Jumatatu karai lake nitalibeba mimi, kutoka stendi hadi mezani. Wakiuliza, nitasema mama yake alinishinda. Najua tulisema wiki moja. Nitabeba mpaka shingo ikatae.

Lala sasa, nyar Ndhiwa. Umefika Mombasa, umeonja, na hata kura umeahidiwa.

Mwenzako wa nyanya.