Amewekewa Rada, na Bado Anapotea

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi ijayo, maana baada ya hapo ushauri wako hautakuwa na kazi tena. Mimi ni fundi wa umeme wa boti, mwanamke pekee katika gati letu, na kazi yangu naijua, sisemi hivi kwa kujisifu bali ujue kwamba anayekuandikia si mwanagenzi. Miezi mitatu iliyopita nilifunga rada na redio mpya ya mawasiliano kwenye boti ya baba mkwe wangu, boti ndogo ya abiria na mizigo iendayo visiwani, ambayo ameiongoza miaka thelathini na moja, na kwenye rada niligombana na ukoo mzima, kwa sababu shemeji yangu mkubwa alitaka ikae chini, juu ya paa la kibanda cha usukani, ili boti ipendeze, nami nikasema hapana, itapanda mlingotini, juu ya vichwa vya watu, ione mbali na isimpige mtu kwa mionzi yake, akaniambia, "Shemeji, wewe unga nyaya, sura ya boti tuachie wanaume," nikamjibu, "Basi panda ukaifunge mwenyewe, ngazi hiyo hapo," watu wakacheka, rada ikakaa nilipotaka, na hadi leo haijawahi kunitia aibu.

Tatizo ni spika, mshauri. Kioo cha rada kilihitaji nafasi mbele ya usukani, kwa hiyo niliihamishia redio na spika yake upande wa kulia, nikaibana spika ukutani shibiri moja tu kutoka kwenye dira, kwa sababu pale nyaya zote ziliingia bomba moja zikanyooka kama zimepigiwa rula, kila aliyeziona akasifu, nami kwa kulewa sifa nikasahau jambo ambalo hufundishwa wiki ya kwanza, kwamba nyuma ya spika kuna sumaku, na sumaku haikai nyumba moja na dira. Baba mkwe siku za ukungu hufuata dira kama alivyozoea, rada huitumia kuangalia vyombo vilivyo mbele yake tu, na tangu nifunge vitu vile amepotea mara tatu, ya mwisho alitokea maili mbili kutoka mlango wa bandari, boti ikagusa mwamba ikiwa na abiria kumi na wanane, hakuumia mtu, lakini sasa gati zima lina wimbo mmoja: "Amewekewa rada, na bado anapotea!"

Jumanne iliyopita nilikwenda kubadilisha spika ile kwa kuwa ilikuwa inakwaruza, nikaifungua, nikapita nayo mbele ya dira, na dira ikageuka, ikaufuata mkono wangu kama mbuzi anayefuata majani. Niliishikilia tena pale ilipobanwa, nikalinganisha na dira ya mkononi nikiwa mbali nayo, kosa ni digrii kumi na moja. Kisha nikasikia hatua za mtu gatini, na mshauri, niliirudisha pale pale nikakaza skrubu, kwa sababu sikujua nitasema nini. Nilipomwambia mume wangu alisema, "Nyamaza. Baba amechoka, hata dira ikinyooka amechoka. Ukifungua mdomo nani atakupa kazi tena?" Sasa Jumamosi hiyo ndugu wanakaa kikao cha kumwondoa mzee kwenye usukani, na atakayekabidhiwa ni huyo huyo mume wangu. Na jana mzee alinikuta jikoni naosha vyombo, akarudisha mlango nyuma yake, akasema, "Mwanangu, nahisi kichwa changu kimeanza kunidanganya. Nikifumba macho naiona njia yote. Nikifumbua, nipo pengine. Usimwambie mtu." Nikaitikia, "Sawa, baba," nikaendelea kusugua sahani iliyokwisha kutakata. Nimefunga boti nyingine mbili kwa mpango ule ule, na wenye boti hizo hawajui lolote, ukungu utawakuta kama ulivyomkuta mzee. Nifanye nini?

Fundi wa Gatini

*

Fundi,

Nimeitoa barua yako kwenye foleni, maana Jumamosi haipangi foleni. Nikupe kwanza haki yako: rada umeiweka inapostahili, na jibu lako la ngazi nimewasomea wenzangu hapa ofisini. Kusahau sumaku ni kosa la kazi. Fundi asiye na kosa la kazi ni yule ambaye hajawahi kushika bisibisi. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma, dira zilianza kusema uongo, na sina shaka manahodha wengi walitukanwa kabla hajatokea mtu wa kukishuku chuma.

Lakini Jumanne hukusahau. Jumanne mkono uliokwisha kujua ndio uliokaza zile skrubu. Tangu siku hiyo boti imetoka mara ngapi? Hukuniambia, na kwa hilo umeniambia.

Nina ugomvi wa miaka mingi na neno "amechoka". Ndilo neno la wavivu wa kukagua. Mashine ikikosea, tunamwita fundi. Mzee akikosea, tunaita kikao. Mtu aliyeijua njia kwa miaka thelathini na moja anaipoteza ghafla, mwezi ule ule alipofungiwa vitu vipya, na katika ukoo mzima hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Hivi vitu vipya viko sawa?" Wote walikuwa na haraka ya kumzeesha. Mumeo simwiti mwovu, ila anayesubiri kurithi usukani hafai kukushauri kuhusu usukani. Mwambie hivyo usoni, kwa heshima, kisha endelea na safari yako.

Unaogopa watasema, "Si tulisema, kazi hii si ya mwanamke." Watasema. Wanaume wamegongesha vyombo kwenye miamba tangu vyombo vianze kuelea, na sijasikia aliyependekeza wapumzishwe wote. Atakayekunyima kazi kwa sababu umekiri kosa, mwache aende kwa fundi asiyekiri. Wenye boti wenye akili watakutafuta, maana fundi anayerudi mwenyewe kusahihisha kazi yake ni adimu kuliko vipuri.

Sasa sikiliza. Gazeti hili likifika gatini watakutambua kabla chai haijapoa. Ulilijua hilo ulipoandika, na nadhani ndiyo sababu uliandika. Kwa hiyo kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu, wapigie wenye zile boti mbili uwaambie wasiondoke gatini mpaka ufike. Hata kama kumekucha kweupe bila wingu, wasiondoke. Boti ya mzee nayo isifunguliwe kamba. Abiria hawakusaini kubeba siri yako.

Kisha mfuate mzee, asikie kwako kabla ya kusikia kwa muuza magazeti. Usimwambie jikoni. Mpeleke kwenye boti, fungua spika, mpe aishike mwenyewe aisogeze mbele ya dira. Aione ikigeuka. Maneno matupu atadhani ni ya kumhurumia, na mtu aliyeanza kuishuku akili yake haamini huruma. Ataamini anachokiona kwa macho yake.

Jumamosi uwe wa kwanza kusema, kabla shemeji hajakohoa. Chukua spika, chukua dira ya mkononi, viweke mezani mbele yao. Huenda mzee kweli anazeeka. Wote tunazeeka, na siku ya kupumzika itafika. Lakini siku hiyo iamuliwe kwa dira inayosema kweli, naye akiwamo kikaoni, si kwa kosa la bisibisi yako.

Ila hayo ni ya Jumamosi. Leo, mzee akishaiona dira ikicheza mkononi mwake, mwambie bila kupamba: "Baba, kichwa chako ni kizima. Niliyekupotosha ni mimi." Halafu nyamaza. Akifoka, ana haki. Akikaa kimya, ana haki zaidi. Usijitetee hata kwa neno moja. Hamisha spika, iwe mbali na dira zaidi ya urefu wa mkono wako, na kagua kila kilichobanwa ukutani pale. Kisha mtoke wawili tu, bila abiria, muizungushe boti polepole duara zima, mkilinganisha dira na alama za nchi kavu mnazozijua, na kila upande muandike kwenye kadi dira inakosea kiasi gani. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kuandika na mtu wa kuongoza. Wewe shika kalamu. Usukani mwachie mwenyewe.