Sanamu Lenye Kibofu Kitupu

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa hospitali. Usinipigie, soma tu.

Leo tulifundishwa kupitisha mpira wa mkojo tumboni, juu ya kinena, hadi kwenye kibofu. Tulijifunzia kutoboa kwenye sanamu la mtu. Na yule dokta tuliyeanza naye kazi, Mtakatifu, alikuwepo. Nikajiapiza leo lazima nimpiku.

Nikatangulia. Nikapapasa, nikatoboa, chap. Nikamtupia jicho Mtakatifu.

Bosi wetu akasema taratibu, "Dokta, huyu umemtoboa utumbo."

Utumbo. Mbele ya watu wote.

Kumbe bosi alikuwa amemwaga maji ya kibofu cha sanamu makusudi, aone nani atapima kabla ya kutoboa; kibofu kikiwa kitupu, sindano inakutana na utumbo.

Zamu ya Mtakatifu. Akaweka kipimo cha ultrasaundi tumboni, akatazama weee, akarudisha sindano kwenye trei. "Kibofu hakijajaa. Sitoboi."

Wakampigia makofi. Yaani mimi nimetoka jasho, anapigiwa makofi aliyekunja mikono.

Kesho anamfanyia mgonjwa wa kweli. Mimi nitamshikia trei.

Na unajua kinachonichoma zaidi? Ningekuwa mimi nimelala pale, mkojo umenibana, ningepiga kelele waniitie yeye.