Ghala Tulilolitoa kwa Adabu

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini ulimi wangu haujui kukuanza kwa neno jingine.

Huku mjini Mfaranyaki ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Asubuhi nikienda shuleni kufundisha, kila mzee mwenye koti refu anayejitokeza mbele yangu ni wewe, mpaka akaribie. Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa namna hiyo, natembea nusu nimelala. Gazeti likifika bado nalikunja kama ulivyopenda, ukurasa wa habari za bunge ukiwa juu, kisha nasimama nalo katikati ya sebule sijui nimpe nani.

Mji umechangamka, Baba. Maduka yana redio na sabuni za kila rangi, wanunuzi binafsi wa tumbaku wanapita na magari mapya, na kila mtu anataja soko huria kama anamtaja mgeni atakayefika jioni. Ungewacheka. Nakuona bado pale kibarazani, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, miwani imeshuka puani, wakulima na wachuuzi wamekuzunguka ukiwafafanulia sheria mpya. "Serikali imefungua mlango," ulisema. "Kufungua mlango si kugawa nyumba." Halafu lile swali lako la siku zote: "Sasa sheria hii imemsahau nani?" Wakakuna vichwa, nawe ukanyamaza makusudi mpaka mmoja wao ajibu.

Nataka kukupa habari za ghala la kijijini kwenu Lusewa. Ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka ulivyokasirika. Afisa wa wilaya alifika kijijini kuorodhesha mali za serikali zitakazouzwa kwa watu binafsi. Akasimama mbele ya ghala la tumbaku, akauliza ni la nani. Na ndugu zako, Baba, watu na heshima zao, wakavua kofia wakajibu, "La serikali, mheshimiwa." Hawakukusudia kudanganya. Ndivyo tulivyolelewa miaka yote ile: kusema mbele ya mkubwa kwamba kitu ni chenu kulionekana majivuno, na mgeni lazima apewe heshima yake. Akaandika, akashukuru, akaondoka. Muda si mrefu mnada ukatangazwa.

Ulishika kichwa. "Wametoa ghala kwa adabu!" Ulizunguka sebuleni ukicheka na kufoka kwa pamoja. Maana ulikuwepo likijengwa. Ulishatusimulia jinsi watu walivyoalikana, tofali za kuchoma zikabebwa vichwani kutoka mtoni, na jioni mitungi miwili ikawekwa kando ya ukuta, mmoja wa pombe, mwingine wa togwa kwa Waislamu. Ukanieleza hatari yenyewe: atakayenunua ghala amenunua na mizani iliyomo. Wakulima watavuna, watakausha tumbaku kwa moshi kwenye mabani yao, kisha watasimama nje ya mlango walioujenga wakisubiri bei ya mtu mmoja. Ulisema hilo si soko huria hata kidogo. Ukaandika pingamizi, mkutano ukapangwa, na wa kusimama kuwatetea ulikuwa wewe.

Kisha kifua. Kisha, sijui niandikeje. Kisha mvua ile, na jeneza lako likiteleza mikononi mwa wajomba.

Watu wa Lusewa wakaja kunichukua mimi. Nilikataa, Baba. Mwalimu wa darasa la tatu nitasema nini mbele ya wilaya? Mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Umekaa kibarazani kwake miaka yote, mwanangu. Hukosi kuwa umeokota kitu."

Kwenye lori la kwenda Lusewa nilisinzia nikakuota. Ulikuwa katikati ya shamba la tumbaku unapiga koti lako pasi ya mkaa, taratibu, kama siku ya misa. Nikakuuliza niseme nini. Ukapuliza makaa tu. Niliamka nimekukasirikia kweli.

Mkutanoni nilianza vizuri. Nikasema sheria inairuhusu serikali kuuza kilicho chake, haisemi kwamba cha watu wengine kimekuwa chake. Afisa hakuwa mtu mbaya, kijana mpole mwenye mafua. Akajibu, "Mwalimu, wazee wenyewe walisema ni la serikali." Maneno ya kuwajibia nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini wewe hukuwahi kuwajibia watu, ulifafanua kisha ukawaachia. Nikakaa chini. Moshi wa mabani ulikuwa unapita juu yetu polepole, wote wameinamisha macho, nami nikaona nimeshalipoteza ghala la baba yangu.

Ndipo akainuka Bibi Asumini, yule jirani yenu aliyekuita mdogo wake mpaka unazeeka. "Mwanangu, togwa ya ujenzi niliipika mimi. Waliobeba tofali wote walikunywa. Hiyo serikali sikuiona. Ningeiona, ningeipa kata yake."

Watu walicheka, Baba, mpaka afisa mwenyewe akafuta machozi. Baada ya hapo hakuna aliyewazuia. Aliyechoma tofali akasema. Aliyekata miti ya paa akasema. Mwingine akainua kidole kilichopondwa na boriti akamwonyesha. Wakasema ni letu, mwanzo kwa aibu kama watu wanaotongoza, mwishowe kwa sauti. Afisa akasikiliza mpaka wa mwisho.

Leo nimeitwa ofisi za wilaya. Ghala limeondolewa kwenye mnada. Litabaki la kijiji, na wanunuzi wote wanakaribishwa kushindana bei humo humo ndani.

Nilitoka pale nikikimbia, mwalimu mzima, wanafunzi wangu njiani wananitazama. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikasukuma mlango wa chumba chako huku nasema, "Baba, limebaki!"

Mama ameweka magunia ya mahindi pale kitanda chako kilipokuwa.

Nikayaambia magunia. Nilisimulia yote mpaka mwisho, na togwa ya Bibi Asumini, nikacheka peke yangu, kisha nikalia mpaka Mama akaja kukaa nami. Alinishika mkono tu.

Kijiji hakina hati ya kiwanja kile, na bila hati mwingine atakuja kuuliza tena. Nakuahidi nitaifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka itoke. Watu wakija kibarazani nitawasomea gazeti, nitawafafanulia kadiri ninavyoelewa, na kujibu nitawaachia wenyewe.

Nakuaga, Baba. Kwenu watauza tumbaku yao ndani ya ghala lao. Lala sasa.

Binti yako,
Skola