Jina Ambalo Sikukuuliza

Mama,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako Ndanai, nimekalia kile kigoda chako kifupi nilichokuwa nakikataa kila nikija, eti mgongo wangu. Leo ni siku ya nne tangu tukuzike. Kiprono, mwanao na mume wangu, ameenda Sotik kurudisha viti na sufuria tulizoazima. Chebet na Kibet wako shambani na dada ya marehemu mzee wako, Senge, wanamsaidia kuchuma chai, au wanamharibia, sijui. Majani yako hayakungoja msiba uishe. Juzi Senge alisema yakikaa siku mbili zaidi yatakuwa magumu, watu wakachukua vikapu wakaingia shambani na nguo zao za maziko. Nadhani ungefurahi.

Mimi nimebaki na mtoto mdogo. Amelala kwenye kanga yako.

Barua zetu zote za kutoka Uingereza ulikuwa unasomewa na watu. Hii hutasomewa na mtu, kwa hiyo acha niseme yote, kuanzia na uongo.

Ile barua ya mwaka jana, kwamba watoto wanakulilia na tungependa uje ukae nao likizo ya Pasaka, niliandika mimi. Ukweli ni kwamba shule zilikuwa zinafungwa. Mimi nilikuwa na zamu hospitalini, Kiprono alikuwa na zamu kiwandani, na mama aliyekuwa akituangalizia watoto alikuwa amehama. Hatukukukumbuka, Mama. Tulikuhitaji. Wewe ukaja umevaa koti la marehemu mzee, umekumbatia pakiti za majani ya chai, na mtu wa kwanza kuongea na wewe Uingereza alikuwa askari aliyekunyang'anya kibuyu chako cha maziwa ya mursik. Ulisema labda na yeye alikuwa na njaa.

Nilikuwekea ratiba kwenye mlango wa friji. Unaikumbuka? Miraba mingi, kila mmoja na kazi yake: Chebet kuogelea, Kibet kwa daktari wa meno, Baba zamu, Mama zamu. Kwenye miraba iliyobaki niliandika "Kogo", kwa maana hilo ndilo jina watoto wanamwitia bibi yao. Ulimwomba Chebet akuonyeshe neno hilo linavyoandikwa, ukakaa unalitafuta kwa kidole asubuhi nzima. Jioni nilipoingia ukaniambia kwa upole, "Nimeona yangu ni mingi. Lakini hakuna mahali wewe na mimi tumekaa pamoja." Nilicheka. Nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema hivyo hivyo.

Halafu ua la jirani. Mpaka leo Kiprono akilitaja anacheka mpaka anashika ukuta, na mimi nilikuwa nacheka naye, lakini siku yenyewe sikucheka. Ulikuwa umemweka mtoto mgongoni, mikono haina kazi, na pale nje kulikuwa na ua la majani mabichi limefika kiunoni, limechipua vizuri. Mikono yako ikaenda yenyewe. Nilipofika ulikuwa umechuma upande mzima, umelisawazisha juu kama meza, na vichipukizi umevirundika kwenye beseni langu la kufulia. Yule mzee wa nyumba ya pili alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe mkononi, anakutazama tu. Ukamwambia kwa Kiswahili, maana ndiyo ilikuwa lugha yako ya wageni wote, "Mzee, hii ilikuwa inaharibika. Hakuna mtu ya kuchuma hapa?" Nilienda kumwomba msamaha kana kwamba umemvunjia dirisha. Yeye hakuwa amekasirika. Mimi ndiye nilikuona pale na koti la mwanamume na beseni, nikatamani watu wa mtaa wasijue wewe ni nani kwangu.

Nimeliandika hilo. Sasa lile lenyewe.

Sharon, huyu mdogo, alikuwa na miezi minne na alikuwa analia. Unajua alivyokuwa analia. Mimi muuguzi nilisema ni gesi tumboni, nikamnunulia dawa. Wewe siku ya pili tu ulisema, "Huyu mtoto analia kwa sababu hakuna mtu amemwita." Nilijua unachosema. Nilijifanya sijui. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa Kapsoit, na nyumbani kwetu mambo ya kumwita mtoto kwa majina ya waliotangulia mpaka apige chafya kwa jina la yule anayerudi ndani yake yalikuwa yakitajwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Lakini najua mama yangu na nyanya yangu walifunga mlango siku moja nikiwa mchanga, na mimi pia nilipiga chafya. Mama yangu mwenyewe aliniambia hilo kabla hajafa.

Uliniomba mara tatu. Hukusema tuite watu wala tuchinje. Ulitaka mimi niketi na mtoto, wewe utaje majina, basi. Nilikwambia kesho. Siku moja nilikuwa navaa viatu mlangoni, nimechelewa basi, ukauliza, "Mama Chebet, mama yako aliitwa nani kabla ya ubatizo?" Nikajibu bila kugeuka, "Tabutany. Kwani?" Nikatoka. Sikungoja uniambie kwani.

Siku mbili kabla ya safari yako walinipa ruhusa kazini mapema. Nilipofungua mlango nyumba ilikuwa kimya, nikaogopa. Nikakukuta sakafuni jikoni, miguu umeinyoosha, mtoto umemlaza juu ya mapaja, Chebet kulia na Kibet kushoto wamekaa wima kama wako kanisani. Karibu na goti lako kulikuwa na kikopo kidogo cha ugoro. Ulikuwa unasema jina, unanyamaza, unasema lingine. Kisha Sharon akapiga chafya, kubwa kuliko yeye, na nyinyi watatu mkapiga makofi.

Nilikupokonya mtoto, Mama. Nilichukua kitambaa chenye maji nikamsugua pua mpaka ikawa nyekundu. Kikopo nikakitupa kwenye takataka. Nikakwambia, na watoto wanasikia, "Hapa si Ndanai. Uchawi wako ngoja uende ufanyie kwako." Uchawi. Nilitumia neno hilo kwa mtu aliyeimba kwaya ya akina mama miaka thelathini.

Sitakudanganya hata sasa. Mimi ni muuguzi na sitaki ugoro karibu na pua ya mtoto wa miezi minne. Ningekwambia hivyo, ungekubali, tungetumia unyoya wa kuku au hata pilipili manga. Ningeweza kusema kwa sauti ya mtu. Sikuwa na hasira ya ugoro. Nilikuwa na hasira kwamba kitu nilichokikimbia tangu utoto kimenifuata mpaka jikoni kwangu, na watoto wangu wanakipigia makofi.

Wewe ulishika ukingo wa meza ukainuka polepole. Ukasema, "Sawa, mama Chebet. Mtoto amenyamaza." Ni kweli, alikuwa amenyamaza. Siku hizo mbili hakulia tena, na nikasema ni ile dawa ya tumbo imeanza kufanya kazi. Kwenye uwanja wa ndege ulinishika mikono yote miwili ukaitemea mate kidogo kunibariki, kama unavyowafanyia wanao. Nikaingiza mikono mfukoni nikaifutia huko ndani. Nilidhani hukuona. Siku hizi nadhani uliona.

Ukarudi. Kiprono alikuwa akipiga simu kwa lile duka la Sotik mara moja kwa mwezi, siku mliyopatana, na wewe unatembea kutoka huku uje usimame ungoje. Kila mara ulikuwa unauliza kama mama Chebet yuko hapo. Nilikuwa hapo. Nilikuwa nafanya ishara kwa mkono kwamba sipo. Miezi kumi na sita, Mama. Nilikuwa najiambia nitaongea na wewe nikishapata maneno mazuri. Kisha ikaja simu ya upande huu, asubuhi, naogesha watoto, na maneno hayakuwa na mtu wa kumpelekea.

Yule mzee jirani aliuliza kwa nini kuna mabegi mlangoni. Nilipomwambia alivua kofia. Tangu uondoke hakuna aliyegusa lile ua kwa mashine. Analichuma kwa vidole, vibaya sana, lakini analichuma.

Siku ile tulipotoka kukuzika, wanawake wa ukoo waliingia hapa jikoni kusalimia watoto. Senge alimpakata mdogo akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema Sharon. Akasema, "Hiyo ni ya kwa kitabu. Nauliza huyu ni nani. Wakati alienda huko kwenu, Mama Kiprono alisema atamwita." Wote wakanitazama. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa analijua jina la mwanangu, na mikono yangu bado ilikuwa na udongo wa kaburi lake.

Nikasema, "Sijui. Sikumuuliza." Na kwa mara ya kwanza tangu simu ile nikalia mbele za watu. Niliwaambia yote, la uchawi nalo.

Hapo Chebet akanivuta sketi. Ana miaka minane sasa, na ana midomo yako. Akasema, "Mama, mimi ninajua. Kogo alisema nikae nayo. Alisema nisipeane mpaka wewe mwenyewe uulize." Mwaka mzima na zaidi, mtoto yule anakula mezani kwangu, analala chumba cha pili, ananitazama nikipita na haraka zangu, anangoja niulize. Wewe ulijua nitauliza. Hukumpa Kiprono, hukumpa Senge. Ulilinda nafasi yangu mpaka nirudi.

Nikamuuliza. Akasema ulianza na watu wenu wote, wanawake wa upande wa mzee, kisha wa upande wako, mpaka wakaisha, na mtoto anakutazama tu. Kisha ukasema, "Basi tujaribu za mama yenu." Ukataja moja tu.

Tabutany.

Mama yangu alikuwa ametoka kufika, na mimi nikamsugua pua kwa kitambaa cha maji.

Sina la kujitetea. Nimekaa hapa na aibu yangu na sitaki mtu aniondolee, hata Kiprono, anayesema mama alisahau zamani. Hukusahau. Ulisamehe, na hilo ni zito zaidi kwangu. Asubuhi hii nilimwita yule mdogo kwa jina lake, nikiwa hapa kigodani, na akageuka akaja. Najua, kwa umri huu angegeuka hata ningemwita sufuria. Lakini alikuja, akanipanda mapajani, akakaa.

Tunarudi Uingereza Jumapili. Ile ratiba nitaing'oa niandike nyingine, na likizo ijayo ya watoto tutakuja nayo hapa, yote, tuchume chai yako. Senge amekubali kunifundisha majina ya watu wenu mmoja mmoja, na la mwisho kwenye hesabu hiyo sasa ni lako. Siku mtoto mwingine atakapozaliwa nyumba hii, awe wangu au wa wanangu, nitaketi sakafuni mimi mwenyewe, bila ugoro, na nitakuita. Ukija, hakuna atakayekufuta.

Saisere, Mama. Kwaheri. Nimetoa mikono mfukoni.

Mimi, mama Chebet, binti ya Tabutany, na pia mama yake.